Kabla Saa Haijasimama

Mume wangu ni fundi saa. Mtaani wanamwita Dakika, kwa sababu hajawahi kuchelewa popote. Siku ya harusi yetu alifika mapema mno, akakuta kaka zangu hawajaoga. Mpaka leo wananitania kwamba niliolewa na saa.

Duka lake liko mbele ya nyumba yetu. Ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao, dirisha moja na meza ndefu. Mezani kuna bisibisi ndogo, vibanio, brashi, na kioo cha kukuzia ambacho Fundi hukibana jichoni anapofanya kazi. Kuta zote zimejaa saa. Saa kubwa kuliko zote ni ya kutia ufunguo. Ina chuma kinachobembea, na mlio wake unasikika mpaka jikoni. Wageni wakilala kwetu hawapati usingizi kwa ajili ya mlio huo. Mimi nikilala kwingine, nakosa usingizi kwa kuwa siusikii.

Mimi napiga pasi kwa dobi, mtaa wa pili. Ni kazi ya kusimama kutwa nzima. Lakini ina raha yake, maana mifuko ya nguo za watu ina mambo. Nimewahi kukuta jino la bandia. Nimewahi kukuta barua ya mapenzi kwenye suruali ya mtu ambaye sote tulidhani hajui hata kusalimia. Vyote tunavirudisha, na hatusemi ni vya nani.

Jioni nikirudi, nilikuwa napitia dukani kwanza. Nakaa kwenye kigoda, namsimulia Fundi nilichokuta mifukoni. Yeye anaweka bisibisi chini na kusikiliza. Kisha anacheka. Alikuwa na kicheko cha kutoka kifuani, anacheka mpaka kile kioo kinamdondoka jichoni. Kwa miaka ishirini na minane hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu.

Halafu kicheko kikaisha.

Hakikuisha kwa siku moja. Kwanza ilikuwa pua. Siku moja maziwa yaliungua jikoni mpaka sufuria ikawa nyeusi. Mimi nilipata harufu nikiwa bado barabarani. Fundi alikuwa hatua tano tu kutoka jikoni, na hakunusa kitu. Nikamuuliza kama pua yake imekwenda likizo. Alicheka, maana wakati huo alikuwa bado anacheka.

Baadaye mkono wa kulia ukaanza mchezo wake. Kidole gumba kilisugua kidole cha pili, kama mtu anayeviringisha punje ya mchanga. Kilifanya hivyo mkono ukiwa umepumzika. Akishika bisibisi, kinatulia. Kwa hiyo hatukujali.

Kisha mwandiko ukabadilika. Fundi hufunga kikaratasi kwenye kila saa, anaandika jina la mwenyewe na ubovu wa saa. Herufi zikaanza kusinyaa. Mstari ulianza vizuri, ukaishia na vitu vidogo kama mayai ya chawa. Wateja walimwambia kwamba sasa wanahitaji kile kioo chake ili wasome majina yao wenyewe.

Vifungo vya shati vikamshinda. Alipomaliza kufunga shati moja, chai yake ilikuwa imeshapoa. Hatua zikawa fupi, akawa anaburura mguu. Sauti ikashuka, ikawa kama ya mtu anayesema siri. Choo kikawa kigumu. Akilala, anarusha mateke. Kila jambo tulilipa sababu yake. Mateke tukasema ni ya godoro bovu. Hatua fupi tukasema ni uzee, na yeye hajafika hata miaka sitini.

Kilichoniumiza mimi ni uso wake. Siku moja nilikuta mfukoni mwa koti karatasi yenye visingizio vitano vya kuchelewa kurudi nyumbani. Vimepewa namba, na viwili vimekatwa mstari kwa kuwa vimeshatumika. Nilikimbia na habari hiyo moyoni mpaka dukani. Nikamsimulia Fundi. Alinitazama tu. Uso wake haukusogea, wala jicho halikucheza.

Nikasimulia tena habari nyingine siku ya pili, na nyingine siku ya tatu. Uso ni ule ule. Nikaacha kusimulia. Nikawa nikirudi napita moja kwa moja jikoni. Niliamini mume wangu amenichoka. Nasema wazi, nililia mara nyingi kwenye meza ya pasi, na nguo za watu zikanyunyiziwa maji ambayo hawakuyaomba.

Mwaka jana tulikwenda hospitali kwa ajili ya ule mkono. Daktari alimwambia Fundi afungue na kufunga vidole haraka haraka. Alimwambia atembee, ageuke, aandike sentensi. Alimuuliza hata habari za pua na za choo. Mwisho akatuambia kwamba huu ni ugonjwa wa Parkinson.

Alituelezea polepole. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayosaidia ujumbe wa ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Chembe zinazotengeneza kemikali hiyo zinapungua kidogo kidogo. Ndiyo maana mwili unatetemeka, unakakamaa na kuwa mzito. Haukuletwa na pombe, na hakuna mtu aliyemtupia kitu. Hauambukizi. Dawa ya kuumaliza haijapatikana, lakini ipo dawa ya kupunguza dalili, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi. Akatupa vidonge vya kumeza mara nne kwa siku.

Mwanzoni vidonge vilimsaidia sana. Hapo ndipo tulipokosea.

Fundi ana kanuni moja ya kazi. Ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: SAA INAYOTEMBEA USIIFUNGUE. Kuna wateja wanaoleta saa nzima, wanataka ifunguliwe tu itazamwe. Ukifungua kitu kizima unaweza kukiharibu. Ni kanuni nzuri, kwa saa. Fundi akaitumia kwa mwili wake. Akiamka mwepesi, anatia kidonge mfukoni na kuendelea na kazi. Akianza kukakamaa, ndipo anakimeza. Nikimuuliza mbona hajameza, ananionyesha ukuta. Nami nikaona ana akili.

Mimi pia nilikuwa na kosa langu. Siku alizomeza, nilimpa kidonge pamoja na sahani ya maharage au mayai. Niliogopa dawa isije ikamchoma tumbo. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na sikumuuliza mtu.

Siku ya balaa letu, mwenye saluni ya jirani alikuja kuchukua saa yake ya ukutani. Alisimama nje, mlangoni. Fundi aliinuka, akaibeba saa kwa mikono miwili. Alipofika kwenye kizingiti, miguu ikaganda. Ilikuwa kama imepigiliwa misumari sakafuni. Mwenye saluni akanyoosha mikono na kumhimiza, maana alikuwa na mteja kwenye kiti. Fundi akainama mbele ili aanze kwenda. Kifua kikaenda, miguu ikabaki.

Alianguka na saa yake. Kioo cha saa kilivunjika, kidevu cha Fundi kikapasuka. Nilifika mbio kutoka kazini, nikakuta watu wamejaa. Nikamsikia mmoja akisema kwamba siku hizi Dakika anaanza kunywa mapema. Mume wangu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote.

Mwishoni mwa wiki alikuja kifungua mimba wetu. Yeye ni dereva wa lori. Maneno ya pombe aliyakuta kwenye kituo cha mafuta kabla hajafika nyumbani. Alimwona baba yake na plasta kidevuni, akamshika bega. Ni mtoto mwenye huruma. Lakini anapoamua jambo, huliendesha kama lori lake.

"Mama, baba apumzike," akasema. "Mwisho wa mwezi, saa tano asubuhi, nakuja na maboksi. Tunazifunga hizi saa, tunapiga kufuli duka. Baba akae ndani atulie."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hofu ya kumkuta siku moja amepasuka kichwa. Nikakubali. Tulipanga kila kitu pale pale mbele yake, kana kwamba naye ni saa mojawapo ya ukutani. Fundi hakusema neno. Uso ni ule ule. Nikamwambia mwanangu, "Unaona, wala hajali."

Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kusema.

Siku nne baadaye sikuwa na zamu. Nilikuwa nafagia duka niliposikia hodi. Alikuwa nesi wa kliniki. Mtaa mzima tunamwita Daktari, na amechoka kukataa. Alifuata saa yake ya mkononi, ile anayohesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa.

Fundi alimpa saa na kikaratasi chake. Nesi alijaribu kusoma, akashindwa. Akakitazama tena kile kikaratasi. Kisha akautazama mkono wa Fundi, halafu uso wake. Akamuuliza, kwa heshima, anatumia dawa gani. Nikaleta kichupa. Nesi akasoma tarehe iliyoandikwa juu yake, akakitikisa.

"Baba, hivi vidonge vilitakiwa viishe wiki tatu zilizopita," akasema. "Mbona kichupa kimejaa?"

Fundi akanyoosha kidole kwenye maandishi mekundu. Kwa ile sauti yake ya siri akamwambia kwamba akiwa anatembea hamezi, na akisimama anameza.

Nilidhani nesi atamkaripia. Hakumkaripia. Alivuta kigoda changu, akakaa. Akaigeukia ile saa kubwa.

"Na hii, baba, unaitia ufunguo lini?"

"Kila Jumatatu asubuhi."

"Ikifika Jumatatu inakuwa imesimama?"

"Haijasimama. Inatembea vizuri tu."

"Sasa mbona unaigusa, na kanuni ile pale?"

Fundi akaitazama kanuni yake. Nilifungua mdomo ili nijibu kwa niaba yake, kama nilivyozoea. Nesi akaniinulia kiganja kidogo, akinizuia. Tukakaa. Saa kubwa ikapiga mlio wake mara nyingi. Mwisho Fundi akasema, "Ikisimama, muda umeshapotea. Unatia ufunguo kabla haijasimama."

"Dawa yako ni hivyo hivyo," nesi akasema.

Akatuelezea. Kila kidonge kina saa zake chache za kufanya kazi. Kinachofuata kinatakiwa kiingie kabla cha kwanza hakijaisha nguvu. Mgonjwa akisubiri mpaka akakamae, kidonge kitachukua nusu saa au zaidi kabla ya kumsaidia. Muda wote huo anatembea bila ufunguo. Hapo ndipo watu huganda milangoni na kuanguka.

Fundi akanyoosha mkono kuchukua kichupa. Nesi akakiondoa mezani taratibu. Alituonya kwamba vidonge vilivyorukwa havifidiwi kwa kumeza vingi kwa pamoja. Kuacha dawa ghafla nako ni hatari. Kesho yake turudi kwa daktari, tumwambie ukweli wote, atupangie upya.

Kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza dawa ninampa na nini. Nikasema maharage, au mayai, na maziwa kidogo. Akatabasamu. Alisema ni chakula kizuri na Fundi asikiache. Ila vyakula hivyo, pamoja na nyama, vinagombania njia na dawa tumboni. Afadhali ameze kwa maji nusu saa kabla ya kula, au zaidi ya saa moja baada ya kula. Dawa ikimtia kichefuchefu, tumweleze daktari.

Hapo ndipo nilipouliza swali langu. Nilitaka kulifanya mzaha, lakini sauti ilinigeuka.

"Daktari, na dawa ya kununa mnayo?"

Akaniuliza nani amenuna. Nikamweleza yote. Nikamweleza habari za mifukoni, na karatasi ya visingizio, na uso usiosogea. Nikamweleza kwamba mume wangu amenichoka. Nilisema yote hayo huku Fundi amekaa pale pale. Sikujali tena.

"Mama, uso nao una misuli," nesi akasema. "Ugonjwa unaokakamaza miguu ndio unaokakamaza mashavu. Mtu anaweza kuwa anacheka ndani, na wewe nje usione kitu. Umewahi kumuuliza?"

Sikuwahi. Miaka ishirini na minane nilikuwa nausoma uso wake, na haikunijia kuuliza. Nikamgeukia.

"Fundi, ile karatasi ya visingizio vitano. Ilikuchekesha?"

Nilisubiri. Safari hii nilisubiri kweli.

"Nilicheka siku mbili," akasema. Uso haukusogea hata kidogo. "Halafu ukaacha kuja dukani."

Nililia mbele ya nesi wa watu bila aibu. Fundi akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya wangu. Kisha akasema jambo jingine, neno moja moja. Alisema hataki kufunga duka. Siku ile mimi na mtoto tulipopanga, tuliongea haraka. Kabla yeye hajapata neno lake la kwanza, sisi tulikuwa tumemaliza.

Nesi alituambia hilo ni jambo kubwa. Ugonjwa huu unachelewesha maneno, na watu wa nyumbani huyamalizia wao. Mgonjwa anabaki nje ya mambo yake mwenyewe. Alisema pia kwamba huzuni ya muda mrefu inaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, na ina matibabu yake. Akamuuliza Fundi kama huwa anaona maisha hayana maana. Fundi akasema, tangu habari ya kufuli, ndiyo. Nesi akamwomba amwambie daktari maneno hayo hayo.

Kesho yake tulikwenda. Fundi alijisemea mwenyewe kila kitu, na mimi niliuma midomo ili nisimsaidie. Daktari alipanga dawa upya: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na saa kumi na mbili jioni. Alizungumza naye pia habari za huzuni, akampangia siku ya kurudi. Kisha akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mtaalamu alimfundisha kutembea kwa hatua ndefu na kurusha mikono. Alimfundisha kusoma kwa sauti ya juu, na kuandika herufi kubwa kati ya mistari miwili. Kuhusu kuganda mlangoni, alimpa mpango. Asimame. Anyooke. Ahamishie uzito mguu mmoja, kisha mguu wa pili. Ndipo ainue mguu apige hatua ndefu. Mimi alinionya nisimvute wala kumsukuma mtu aliyeganda, maana nitamwangusha. Akatushauri tubandike utepe wa rangi sakafuni, mistari iliyoachana kwa hatua moja, ili mguu upate mahali pa kulenga. Akasema pia kwamba wengine wanasaidiwa na mdundo, kama wa ngoma au wa mtu anayehesabu.

Fundi aliposikia mdundo, alinitazama. Siku hiyo hiyo aliniomba nimsaidie kuihamisha ile saa kubwa. Tukaitundika karibu na mlango.

Duka letu likabadilika. Utepe ukabandikwa sakafuni mpaka nje ya kizingiti. Saa za kengele nne zilipangwa ukutani, kila moja na muda wake wa dawa. Zikilia, mtaa mzima unajua Dakika anameza kidonge. Mwenye saluni anapaza sauti kutoka kwake, anauliza kama ameshameza. Fundi anatakiwa kumjibu kwa sauti kubwa, na hilo ni zoezi lake la sauti.

Vitu vizito havibebi tena mpaka mlangoni. Mteja anaingia ndani, anapokea saa yake mezani. Mashati yake niliyatoa vifungo, nikashona vya kubofya. Nje nilirudisha vifungo vya zamani kwa ajili ya heshima tu. Asubuhi hufunga shati lake mwenyewe, na chai anainywa ya moto, nusu saa baada ya kidonge.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Zipo siku dawa inachelewa kufanya kazi. Akiharakishwa, mkono unatetemeka zaidi. Saa ndogo za mkononi zimemshinda kabisa. Siku aliyokubali hilo alikifuta kile kioo cha kukuzia, akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kwenye droo. Aliwaambia wateja yeye mwenyewe, akawaelekeza kwa fundi mwingine. Niliumia kumwona. Lakini saa za ukutani na za mezani bado anazitengeneza, na kazi ngumu anaiweka kwenye ule muda ambao dawa inafanya kazi vizuri.

Chini ya ile kanuni nyekundu aliongeza mstari kwa mkono wake: ILA ITIE UFUNGUO KABLA HAIJASIMAMA. Herufi zilianza kubwa, mwishoni zikapungua kidogo. Lakini zinasomeka ukiwa barabarani.

Mwisho wa mwezi ukafika. Nilikuwa nimempigia mwanangu simu, nimemwambia mambo yamebadilika. Alidhani ninamtetea baba yake. Alisimamisha lori mbele ya nyumba, akashuka na maboksi mabapa chini ya kwapa na kufuli jipya mkononi. Nilitoka kumpokea, naye akamwita baba yake.

Fundi aliinuka mezani. Alikuja mpaka kwenye kizingiti, na hapo miguu ikaganda.

Mwanangu akatupa maboksi, akaruka kumkimbilia. Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote za kupiga pasi. "Mwache," nikamwambia. "Mpe muda."

Alinitazama kama mama yake amerukwa na akili. Lakini alisimama. Mwenye saluni naye alitoka, na kichana mkononi.  Ilisikika saa kubwa tu pale mlangoni, tak, tak, tak. Fundi akanyoosha mgongo. Akahamishia uzito kulia, kisha kushoto. Akatazama utepe. Akainua mguu wa kulia kwa mlio mmoja, wa kushoto kwa mlio mwingine, akavuka kizingiti, akaja mpaka kwenye lori bila kushikwa na mtu.

"Ulisema saa tano," akamwambia mwanawe. "Umechelewa dakika kumi." Sauti ilifika mpaka saluni.

Mwanangu alimtazama baba yake. Kisha akauliza swali ambalo sote tulipaswa kuliuliza mwezi mzima uliopita. "Baba, wewe unataka nini?"

Tukasubiri. Nilimwona mwanangu akifungua mdomo ili aseme tena, nikamfinya.

"Nataka duka langu," Fundi akasema. "Maboksi mpe mama yako aweke nguo."

Mwanangu alimkumbatia baba yake pale barabarani, akalia kama mtoto wa chekechea, mtu mzima mwenye lori. Mchana tulikula pamoja. Fundi ndiye aliyemaliza mwisho, na hakuna aliyeondoa sahani kabla yake. Kabla ya kuondoka, mwanangu alibadilisha nguo, akaniachia suruali yake nimfulie.

Jioni niliichukua ile suruali. Kwa mazoea ya kazi nikapekua mifuko kwanza. Nilichokuta nilikifumba kwenye kiganja. Nikapita jikoni bila kusimama, nikaingia dukani, nikakaa kwenye kigoda changu.

"Fundi," nikasema, "leo nimekuta kitu mfukoni mwa dereva mmoja." Nikafumbua kiganja, nikaweka mezani lile kufuli jipya. "Ameondoka bila hata kulifungua kwenye karatasi yake."

Fundi akaweka bisibisi chini. Akalitazama kufuli, akanitazama mimi. Uso wake haukusogea. Saa kubwa iliendelea na mlio wake, na mimi nilikaa nikisubiri.

"Nacheka, mke wangu," akasema.